Trekta ndogo za bustani za zamani: nichukue ya gia au ya haidro?

kwato_nne

Wakuu habarini, naombeni msaada maana nimesoma mpaka macho yanauma na bado sijui nishike lipi. Nimepata trekta mbili ndogo za bustani za zamani, zote ni Cub Cadet zile za International Harvester, yaani za kabla hiyo biashara haijaenda kwa kampuni ya MTD mwaka 1981. Moja ni 128 nyingine ni 129, zote za mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukizitazama kwa mbali huwezi kuzitofautisha, rangi moja ya njano na nyeupe, boneti moja, injini ni ile ile Kohler K301 ya silinda moja hospawa 12. Ni kama mapacha. Ila 128 ni ya gia za mkono, tatu za mbele na moja ya rivasi, na klachi ya kukanyaga. Hiyo 129 ni haidro (haidrostatiki, nguvu ya injini inafika kwenye magurudumu kwa presha ya oili), haina klachi wala gia za kubadilisha, ina mkono tu karibu na usukani, ukiusukuma inaenda, ukiuvuta inarudi nyuma, ukiuacha katikati inasimama.

Kazi zenyewe ni kukata nyasi, na kuna miti mingi ya kuizunguka, kuvuta katrela ka kuni na mbolea, kusukuma udongo kwa bledi ya mbele mara moja moja, na kama itawezekana nilime kabustani kwa plau ya kisu kimoja. Kuna kamteremko pia upande mmoja. Zote mbili zinawaka na zinatembea. Kila ninayemuuliza ananiambia kitu tofauti na anasema kwa uhakika kabisa, huyu anasema haidro ni bomu linalosubiri kulipuka, yule anasema gia ni ushamba. Nipeni uzoefu wenu jamani.

MzeeWaGia

Chukua ya gia, uzi ufungwe.

Haya nafafanua kidogo maana najua mtanishambulia. Giaboksi ya hiyo 128 ukiifungua unaona kila kitu kwa macho, meno haya yanashika yale, shafti hii inazungusha ile, basi. Kikiharibika kitu unakiona kimeharibika, jino limevunjika au beringi imekula, unabadilisha unafunga unaendelea na maisha. Haidro ukiifungua unakuta vipistoni vidogo vinavyong'aa na vyuma vilivyosagwa kwa usahihi ambao mimi na wewe na spana zetu hatuwezi kuugusa, mkwaruzo mdogo tu ambao huuoni hata kwa miwani ndiyo tayari ugonjwa. Mimi nimekaa na trekta za gia zaidi ya miaka ishirini na kitu nilichobadilisha mara nyingi kuliko vyote ni klachi pleti, kazi ya asubuhi moja tena unaifanya huku unakunywa chai.

Na nguvu. Gia inapeleka karibu nguvu yote ya injini kwenye magurudumu. Haidro lazima igeuze mzunguko kuwa presha ya oili halafu presha irudi kuwa mzunguko, na katika kwenda na kurudi huko kuna sehemu inapotea kuwa joto. Injini yenyewe ina hospawa 12 tu, ya kupoteza inatoka wapi?

fundi_oili

Mzee nakuheshimu ila unamtisha kijana bure. Ngoja nimweleze haidro ni nini maana watu wengi wanaiogopa kwa sababu hawajaielewa.

Mle ndani kuna pampu na kuna mota, zote za pistoni. Pampu inazungushwa na injini muda wote. Pistoni za pampu zinakanyaga sahani inayoweza kuinama, na ule mkono unaousukuma kazi yake ni kuinamisha hiyo sahani tu. Sahani ikiwa wima pistoni hazisafiri, hakuna oili inayosukumwa, trekta imesimama. Ukiinamisha kidogo zinasafiri kidogo, trekta inatambaa. Ukiinamisha sana inakimbia. Ukiigeuzia upande wa pili oili inatoka upande wa pili, trekta inarudi rivasi, na hapo katikati hujakanyaga kitu wala hujasimamisha injini. Kuna na pampu ndogo pembeni ambayo kazi yake ni kurudishia oili inayovuja ndani kwa ndani, maana kuvuja kidogo ndani ni kawaida yake, imetengenezwa hivyo, hiyo oili ndiyo inayolainisha vyuma.

Sasa ubovu wake unatoka wapi? Asilimia kubwa ni uchafu na joto. Oili haijabadilishwa tangu enzi, filta imewekwa ya gari kwa sababu nati inaingia, mapezi ya kupoozea yamejaa nyasi zilizokauka mpaka yamekuwa godoro, na feni ndogo ya mbele ya pampu imevunjika mapanga mawili na mwenyewe hajui. Oili ikipata moto sana inakuwa nyepesi kama maji, ile ya kuvuja ndani inaongezeka, trekta inaishiwa nguvu kilimani, mtu anasema haidro imekufa. Haijafa, anaipika.

Na ukumbuke hizo Cub Cadet za haidro zilianza na 123 katikati ya miaka ya 1960, zikiwa na haidro ya kampuni ya Sundstrand, na kuna nyingi bado zinatembea na pampu ile ile ya kiwandani.

nyasi_ndefu

Mimi sitaki kuingia ugomvi wa nguvu, nina swali moja kwa mleta mada. Ndani ya saa moja ya kazi yako unabadilisha uelekeo mara ngapi?

Nauliza hivi kwa sababu umesema una miti mingi. Nilikuwa na ya gia na uwanja wangu ulikuwa na miti na vitanda vya maua kila baada ya hatua kumi. Siku moja nikaamua kuhesabu, kanyaga klachi, simamisha, tia rivasi, achia, kanyaga tena, simamisha, tia ya pili, achia. Nilifika sitini na kitu nikaacha kuhesabu na nilikuwa hata nusu sijafika. Gia za hizo trekta si kama za gari useme utabadilisha inatembea, lazima usimame kabisa ndiyo ubadilishe, la sivyo unazisikia zinalia na kila zikilia kuna kipande cha jino kinabaki kwenye oili. Nilipopata ya haidro ule uwanja nikaumaliza nikiwa bado na nguvu za kufanya kitu kingine jioni.

Ila ndugu yangu mwenye uwanja ulio wazi, mstari mmoja mrefu kwenda na kurudi, yeye ana ya gia na hana shida nayo kabisa. Anatia gia ya pili asubuhi anaitoa akimaliza. Yeye haidro ya nini?

Kwa hiyo hesabu kwanza.

MzeeWaGia

@nyasi_ndefu hapo umenena na sikupingi. Ila plau je? Kasema anataka kulima.

fundi_oili

Plau mzee wangu kinachoshindwa kwanza ni tairi. Trekta ndogo kama hiyo ukiifunga plau bila vyuma vya uzito kwenye magurudumu ya nyuma au maji ndani ya tairi, magurudumu yatazunguka bure kwenye tope iwe gia iwe haidro. Haidro nzima ina nguvu ya kuzungusha tairi mpaka zichimbe mashimo, sasa nguvu zaidi ya hapo ya kupeleka wapi? Nakubali ukilima kutwa nzima gia ina raha zaidi, haipati joto, injini inafanya kazi kwa utulivu na mafuta yanatumika kidogo zaidi. Lakini huyu kasema kabustani. Kabustani jamani.

belti_mbili

Naona mnaongea kama vile kuna njia mbili tu duniani. Kuna zile za katikati. John Deere 110 na 112 za kuanzia katikati ya miaka ya 1960 zina giaboksi ya kawaida lakini kabla ya giaboksi kuna mkanda na puli inayopanuka na kubana, ukisogeza mkono spidi inapanda na kushuka ndani ya gia ile ile bila kusimama. Si haidro, rivasi bado unatia gia, ila unapunguza mwendo kwenye nyasi nzito bila kugusa klachi. Kasoro yake ni mkanda na zile puli, zikishaliwa mwendo unakuwa wa kurukaruka. Haidro waliileta baadaye kwenye 140.

Wheel Horse nao walikuwa na ile transaksli yao ya gia (giaboksi na ekseli ya nyuma kwa pamoja) inayoitwa ya spidi nane, ingawa ukihesabu vizuri ni sita za mbele na mbili za rivasi (wauzaji bwana). Ile klachi yake ni mkanda unaolegea na kukaza, hakuna klachi pleti, kwa hiyo hata hiyo asubuhi moja ya mzee haipo, ni mkanda tu unabadilisha.

Halafu kuna Case, walinunua kampuni iliyokuwa inatengeneza trekta za Colt mwaka 1964 wakaendelea na ule mfumo wa haidroliki. Huo watu wanauchanganya na haidrostatiki kila siku. Ule hauna sahani ya kuinama, ni pampu ya kawaida ya gia inatoa oili muda wote, halafu unaielekeza kwa vali kwenda kwenye mota iliyofungwa kwenye giaboksi ya nyuma. Mgumu kama punda, na uchafu unauvumilia kuliko haidro za pistoni. Mimi ndio ninaoupenda lakini haupo kwenye hizo mbili zako basi nanyamaza.

kwato_nne

Asanteni sana wakuu, uzi umechangamka kuliko nilivyotegemea. @nyasi_ndefu nimeenda kuhesabu kweli, nilitembea kwa miguu kama vile niko kwenye trekta (majirani wananiona nimechanganyikiwa) nikapata kama arobaini na kitu kwa mzunguko mmoja wa uwanja. Upande wa pili uko wazi, huko ni moja kwa moja.

Kuna jambo sikulisema mwanzo kwa sababu sikuona kama linahusu. Mimi mwenyewe nitakuwa naitumia wikiendi tu, siku nyingine atakayeiendesha ni mzee wangu. Ana miaka sabini na kitu, kaendesha trekta kubwa maisha yake yote. Goti lake la kushoto limekuwa linamsumbua mwaka wa tatu huu.

MzeeWaGia

Sasa kijana si ungesema tangu mwanzo. Tumepigana hapa kurasa nzima.

Goti la kushoto ndilo la klachi. Hiyo 128 klachi na breki ni pedali moja, ukiikanyaga nusu inakata klachi, ukiimalizia hadi chini inashika breki, na springi yake si ya mchezo. Mara arobaini kwa goti bovu huyo mzee atakuchukia. Naondoa neno langu, mpe haidro. Tena kuna jambo lingine la mteremko, ile pedali ukiikanyaga nusu kwenye mteremko umeshaachia injini na breki bado haijashika, trekta inateleza yenyewe. Kijana anashtuka anamalizia kukanyaga. Mtu mwenye goti linalouma anaweza kusita pale pale katikati. Nilishaona trekta ya rafiki yangu ikiingia kwenye ua kwa staili hiyo, mwenyewe mzima, ua ndio ulikoma.

nyasi_ndefu

Hahaha mzee kasalimu amri, hii siku iandikwe.

Ila @kwato_nne angalizo kwa mtu aliyezoea trekta kubwa za gia, kwenye haidro unapunguza mwendo kwa mkono si kwa mafuta. Injini iache kwenye mwendo wake wote, kwa K301 ni kama mizunguko 3600 kwa dakika, halafu mwendo wa trekta unaamua kwa ule mkono. Wazee wengi wanapunguza mafuta wakidhani wanaitunza injini, kumbe feni nayo inapungua, visu vinakata vibaya, na oili ya haidro inapata moto. Na hizo K za silinda moja hazina pampu ya oili ya injini, oili inarushwa tu na kijiko cha konrodi, kwa hiyo kipimo cha oili akiangalie kila kabla ya kuwasha, hasa kama atashinda kwenye mteremko. Ikipungua kinachokatika ni konrodi na hiyo haibembelezi.

fundi_oili

Sasa tusikimbilie kusema haidro halafu akaenda kununua kopo la oili lenye magurudumu. Aina si kitu kama hiyo moja mahususi ni mbovu, ukiniambia 128 nzima au 129 iliyochoka nitakwambia chukua 128 umtafutie mzee dereva. Kwa hiyo nenda kazipime zote mbili kama ifuatavyo, na nakuomba usiruke kitu.

Haidro ipime ikiwa ya moto. Hili ndilo kosa la watu wote. Muuzaji anawasha, unaendesha mita ishirini, inavuta kama simba, unalipa. Baridi zote zinavuta. Mwambie unataka kuiendesha nusu saa au zaidi, ikate nyasi au ivute kitu, oili ipate moto hasa, ndipo uipeleke mlimani. Ikipanda ile ile kama ilivyopanda baridi, nzuri. Ikianza kusita, inapiga kelele ya kuvuma na mwendo unakufa wakati injini bado inanguruma vizuri, hapo kuna kuvuja ndani. Lakini kabla hujaikataa angalia mapezi, feni, filta na oili. Filta iwe ya haidro hiyo, si ya gari. Oili yake ni Hy-Tran au inayolingana nayo, na hiyo ya haidro inabeba kama mara mbili ya ile ya gia, kwa hiyo usidanganyike na kipimo cha mwenzake.

Angalia na oili yenyewe. Ikiwa nyeupe kama maziwa ina maji. Maji kidogo yaliyoingia juzi unamwaga unaosha unaendelea. Maji yaliyokaa miaka yameshakula kutu kwenye vyuma ambavyo mzee kasema hatuwezi kuvigusa, na hapo mzee ana haki.

Kisha shika mkono wa mwendo uutikise ukiwa injini imezimwa. Ukicheza sana kabla haujaanza kugusa kitu basi ile ekseli ndogo inayoinamisha sahani imelika tundu, utaona katikati pake hapapatikani, ukiuacha trekta inatambaa yenyewe mbele au nyuma. Inatengenezeka, watu wanaijaza kwa kuchomelea na kuipiga tupa upya, ila ujue mapema. Kama mkono unarudi wenyewe katikati wakati unaendesha hiyo ni kitu kidogo, ringi za msuguano zimelegea, kaza.

Tena ukikuta imezimika usiivute kwa kamba hivi hivi. Kuna vali mbili juu ya pampu za kuachia oili, unazibonyeza ndipo gurudumu linazunguka huru. Ukiivuta bila kubonyeza mota inageuka pampu na hakuna kinachoilainisha.

Kwa upande wa gia, tia kila gia, ipe mzigo kilimani na uone kama inaruka yenyewe. Gia inayoruka imeshalika pembe za meno. Kanyaga klachi injini ikiwa inawaka usikilize, ikilia mlio mkali wa chuma kwa chuma ujue mbele ya shafti ya klachi na lile tundu linapokaa pamekula, na pini za kwenye shafti angalia kama hazijakatika nusu. Halafu angalia kile kiatu cha raba kinachofunika mkono wa gia. Kikipasuka maji ya mvua yanateremka moja kwa moja ndani ya giaboksi, na trekta za aina hii nyingi zimelala nje miaka kumi. Fungua bolti ya chini kidogo, kinachotoka kwanza kama ni maji utajua.

belti_mbili

Hilo la maji nalitilia mkazo. Nilishanunua moja ya gia nikajisifu kwamba gia haifi, nilipofungua bolti yakatoka maji safi kabisa karibu nusu lita ndipo oili ikaanza kuja. Aliyeniuzia aliniambia imebadilishwa oili juzi. Juzi ya mwaka gani sijui.

kwato_nne

Nimerudi wakuu. Nilienda jumamosi na nikamchukua na mzee, nikaona bora ajionee mwenyewe.

128: gia zote zinaingia, hakuna inayoruka. Klachi inalia kidogo ile sauti aliyosema fundi_oili, si kubwa. Kiatu cha raba cha mkono wa gia hakipo kabisa, kuna mfuko wa plastiki umefungwa kwa waya. Nikafungua bolti kidogo, kikatoka kitu rangi ya chai ya maziwa. Mwenye nayo akakaa kimya.

129: nikaiendesha dakika arobaini, na mzee akakata nayo nyasi upande mmoja wa uwanja wa yule bwana (akafurahi, tumemkatia bure). Ikiwa baridi ilipanda vizuri. Ikiwa ya moto ikapanda lakini polepole kidogo, na ikaanza kuvuma. Haikusimama. Mkono una mchezo kidogo, kama upana wa kidole, katikati panapatikana. Nikainama kuangalia chini, mapezi huyaoni, ni nyasi na grisi na kitu kama kiota cha panya. Feni nzima. Filta ni ya gari, imeandikwa kabisa.

Oili ni nyeusi lakini haina maji. Mnasemaje?

fundi_oili

Hiyo 129 ni mgonjwa anayevaa koti zito juani. Ichukue, ila kwa bei ya trekta yenye haidro inayotiliwa shaka, usilipe ya nzima. Kabla hujaiwasha kwako isafishe chini yote kwa brashi na mafuta ya taa, usipige maji ya presha kwenye sili. Mwaga oili ikiwa ya moto, weka filta yake sahihi, jaza, inua magurudumu ya nyuma juu ya stendi, iwashe uende mbele na nyuma polepole mpaka hewa yote itoke, kisha ongeza oili maana itapungua. Iendeshe masaa kadhaa halafu mwaga tena ubadilishe na filta, hiyo ya kwanza itakuwa imebeba takataka. Ukimaliza rudia kipimo cha mlima. Mvumo ukipungua umepona, ukibaki vile vile bado una trekta ya kukata nyasi kwa mzee, plau utaisahau.

MzeeWaGia

Na ile 128 usiiache. Chai ya maziwa kwenye gia si kifo, mwaga, osha kwa dizeli, jaza, mwaga tena. Beringi zikilia badilisha. Hayo ndiyo nilikuwa nawaambia tangu juu kule.

nyasi_ndefu

Mzee kapata pa kurudia 😂

kwato_nne

Mrejesho. Tumechukua 129. Nilitoa ndoo karibu nzima ya uchafu chini yake, kiota kilikuwa kweli cha panya na wenyewe walikuwa nyumbani. Nimefanya kama fundi_oili alivyosema, oili mara mbili. Baada ya ya pili nikaipeleka mlimani ikiwa imefanya kazi saa nzima. Inapanda. Mvumo upo lakini wa mbali, si ule wa kwanza. Mchezo wa mkono sijaugusa bado, nitausubiri msimu uishe.

Mzee siku mbili za kwanza alikuwa analalamika, mguu wa kushoto ulikuwa unatafuta klachi ambayo haipo, kila akifika kwenye mti naona goti linanyanyuka lenyewe. Na alikuwa anapunguza mafuta kila saa mpaka nikafunga waya kwenye mkono wa mafuta, akaukata. Tumekubaliana nimeandika kwa rangi kwenye boneti HAPA NI SUNGURA MUDA WOTE (ile alama ya sungura ya mwendo wa juu kwenye mkono wa mafuta). Jana kakata uwanja wote pamoja na miti, alipomaliza akaenda akaanza upya upande wa kwanza. Nyasi hazikuwa zimeota.

Yule bwana kanipigia, anasema 128 bado ipo na anataka iondoke. @MzeeWaGia hiyo plau ya kisu kimoja, kwa hospawa 12, kisu cha inchi ngapi?

MzeeWaGia

Kumi. Na usisahau uzito kwenye magurudumu. Na nunua kiatu cha raba kabla hujanunua plau.